Mfagizi wa Mafaili na Flashi ya Juu ya Jiko

Vijana wangu wa chumba cha mitambo, mmeniomba niandike maelekezo ya mfumo kabla sijasahau. Maelekezo ya mfumo yapo kwenye faili lenye jina hilo hilo, na najua hamtalisoma, maana hata mimi niliyeliandika sijawahi kulirudia. Haya ni mengine. Nimestaafu, nina kiti kizuri barazani, na baridi ya Sumbawanga inaniruhusu kuvaa koti mchana kweupe bila mtu kuniuliza naumwa nini. Kwa hiyo nitaandika ninavyotaka.

Siku yangu ya kwanza redioni nilivaa tai. Fundi mkuu wakati huo alikuwa Mzee Wensi, mtu mfupi mwenye sweta la kijivu ambalo sikuwahi kuliona likifuliwa wala kuchafuka. Aliitazama ile tai kwa muda, akanikabidhi pamba na chupa ya spiriti.

"Hiyo itaingia kwenye kinasa sauti," akasema. "Ivue, halafu safisha vichwa."

Vichwa ni vile vyuma vidogo vinavyosoma kanda, na nilivisafisha mpaka Krismasi. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi nikiwa na maarifa mengi juu ya mawimbi ya sauti, na hakuna aliyeniuliza hata swali moja juu ya mawimbi. Waliniuliza kama spiriti imebaki. Nawaambia hivi ili mjue kwamba kazi yetu, hata leo yenye seva na kamba za mwanga, asilimia kubwa ni kufuta vumbi.

Kanda zilikuwa za kugombania. Kipindi kikisharushwa na muda wake wa kutunzwa ukapita, tulirekodi kingine juu yake. Hapo ndipo Mzee Wensi alikuwa na utaratibu wake. Hakufuta kanda bila kuisikiliza kidogo. Alikuwa anaiweka, anasikiliza mwanzo wake huku ameinamisha kichwa, kisha anasema kwa sauti, "Haya, kwaheri, mkutano wa pembejeo," au "Haya, kwaheri, kwaya ya vijana," na ndipo anabonyeza kitufe chekundu. Nilicheka sana mara ya kwanza. Yeye hakucheka.

"Siku wakikuuliza umefuta nini," aliniambia, "utawajibu nini kama hukukisikia?"

Alistaafu, na baada ya miaka michache Mungu akamchukua. Nilirithi chumba, spiriti na kiti chake kilichopinda. Utaratibu wa kuaga sikuurithi. Kompyuta ziliingia, na huwezi kuaga mafaili yanayomiminika kama mvua ya Januari.

Sasa niwatambulishe Mama Benadeta, kwa sababu nyinyi mnamjua kama yule bibi anayekuja kuchukua ulezi wake uani. Alikuwa mtunza maktaba yetu. Ni mzaliwa wa Mwazye, alinitangulia redioni, na ndiye aliyehamisha kanda zote zilizobaki na kuziingiza kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, akiwa amevaa visikilizio juu ya kitambaa cha kichwa. Nilimwamkia kila asubuhi, naye aliniitikia "Marahaba, Fundi" kwa sauti ya mtu anayesubiri kuona leo nitaharibu nini.

Tulipokodi nafasi kwenye seva Dar es Salaam, kila siku nakala ya vipindi vyetu vyote ilisafiri kwa intaneti kwenda huko, ili nyumba ikiungua hapa, sauti zibaki kule. Jambo zuri. Lakini nafasi tuliyokodi ilikuwa na mwisho wake, na nakala hazikuwa na mwisho. Mwanzoni nilikuwa nafuta za zamani kwa mkono. Nikachoka. Nikaandika programu fupi ya kuishi huko huko kwenye seva: kila Jumapili saa sita mchana iamke, itazame kila faili liliwekwa lini, lililopitisha miezi mitatu iliondoe, kisha ilale. Wakati huo wa Jumapili hakuna anayetumia seva, watu wako kanisani au mezani. Nikaiita Mfagizi. Nilijisikia fahari kuliko nilivyojisikia nilipooa, ingawa mke wangu akisoma hapa nitasema ni makosa ya uchapaji.

Niliieleza kwenye kikao. Mkurugenzi wetu, Mwalimu Leonsi, aliyewahi kuwa mkuu wa shule na bado alituita kwa kugonga kengele, alipiga makofi. Mama Benadeta akanyoosha mkono.

"Huyo Mfagizi anasikiliza kabla ya kufuta?"

"Hapana, Mama. Anaangalia tarehe tu."

"Tarehe ya nini?"

"Ya faili kuwekwa kule."

"Tarehe tu," akarudia, akaandika kitu mkononi kwa kalamu. Ningekuwa mwerevu ningeuona ule mkono. Sikuuona.

Ikapita kama mwaka, Mfagizi akifanya kazi na mimi nikijisifu. Halafu seva ikaanza kulalamika kwamba imejaa. Sikuelewa. Kama kila la miezi mitatu linaondoka, itajaaje? Nilikagua saa ya seva nikidhani imerudi nyuma. Nikatafuta virusi. Nikampigia kijana wa kampuni ya seva Dar, akaniambia, "Mzee, jaribuni kuzima na kuwasha," ushauri ambao mimi mwenyewe nimewapa watu maisha yangu yote na sikujua unaudhi kiasi hicho. Mbaya zaidi, kwa kuwa nafasi ilikwisha, nakala mpya zilikuwa zinakataliwa mlangoni. Na Desemba hiyo radi ilipiga mnara wetu, ikateremka na kuunguza diski ya ofisini pamoja na redio ya mlinzi. Kwa hiyo vipindi vya nyuma havikuwepo tena popote isipokuwa kule Dar.

Nilipoyafungua mafaili moja moja ndipo nilipoona kioja. Kwaya za miaka iliyopita, mahojiano na watu ambao tumeshawazika, kipindi cha "Jioni ya Mkulima" cha wakati wa mavuno, vyote vilionekana vimewekwa juzi Jumamosi. Juzi ile ile. Mji wetu jina lake watu husema maana yake ni tupa uchawi, na kwa dakika chache nilifikiri kuna uliosahaulika kutupwa.

Jumamosi iliyofuata nikaenda ofisini bila kutarajiwa. Uani kulikuwa na mkeka umetandazwa ulezi, jua limetoka baada ya mvua. Ndani alikuwepo Mama Benadeta kwenye kompyuta mpya, anavuta faili kutoka Dar, analirudisha Dar, analifuta la ofisini, anavuta jingine. Kila baada ya mafaili kadhaa alitoka kugeuza ulezi, akarudi.

"Shikamoo, Mama. Unafanya nini?"

"Marahaba. Naanika."

"Unaanika nini?"

"Vipindi. Wewe si ulisema Mfagizi wako anaangalia vilivyokaa? Basi havikai. Ulezi ukiutoa juani ukaurudisha kihengeni, mdudu anauona mpya. Huyo naye mdudu tu."

Sikujua nicheke au nilie. Kila Jumamosi, mwaka mzima, mama huyu alikuwa ameanika anavyovipenda, na vile asivyovipenda, kama mechi za mpira na hotuba za uzinduzi, aliviacha viliwe. Nilimweleza kwamba kihenge kikijaa mavuno ya zamani, mapya yanalala nje kwenye mvua, na ndivyo ilivyokuwa: vipindi vya majuma kadhaa havikuwa na nakala popote. Hilo lilimwingia. Lakini alinitazama kama nimemwambia achinje ng'ombe wa maziwa.

Mkurugenzi akagonga kengele, akaamua: kuanika marufuku. Mimi nikambadilisha Mfagizi asitazame tena siku ya kuwekwa, asome tarehe ya kurushwa iliyo kwenye jina la faili. Ukianika utakavyo, jina halibadiliki. Jumapili saa sita angeamka na kusafisha kila kitu cha zamani kwa mpigo. Mama Benadeta alichukua mkeka wake akaenda nyumbani bila kuniaga.

Jumamosi mchana, kabla ya hiyo Jumapili, ikaja barua kutoka kwa wasimamizi wa utangazaji. Mfanyabiashara mmoja wa nafaka, tumwite Bwana Nestori, alikuwa amelalamika kwamba mtangazaji wetu Oliva alimtaja kwa jina hewani na kumwita mwizi, kwenye "Jioni ya Mkulima" ya wakati wa mavuno. Maafisa wangefika Jumatano. Tuwasikilizishe kipindi hicho. Tukishindwa, Oliva anaondolewa hewani na redio inafungwa mpaka uchunguzi uishe, na sote tulijua uchunguzi ukianza huwa hauna haraka.

Oliva alikuwa binti wa watu, mcheshi, mwenye watoto wawili na mama mgonjwa, wote wakiishi kwa ile sauti yake. Alikaa kwenye ngazi ya studio akalia.

"Sikumtaja, Fundi. Nilisema tu kuna mfanyabiashara debe lake lina kitambi. Ndivyo nilivyosema. Debe lina kitambi."

Kila mkulima wa huku kwetu Ufipa anaijua hiyo michezo: debe la kununulia mahindi linagongwa nyundo kwa ndani mpaka linatuna, linameza zaidi ya debe, na bei inabaki ya debe. Oliva alikuwa ametengeneza kichekesho. Miezi ikapita, Nestori akagombea uenyekiti wa soko, na watu wakamzomea "Kitambi! Kitambi!" mpaka akashindwa. Ndipo akakumbuka kukasirika.

Nikakimbilia kwenye kompyuta kumzuia Mfagizi. Hakuna intaneti. Katapila la watengeneza barabara lilikuwa limekata mkongo huko njiani, na mji mzima, hata simu za mkononi, zilibaki za kupigia tu. Nikampigia kijana wa Dar. Simu yake imezimwa. Nikapiga namba ya huduma kwa wateja, nikachezewa muziki mtamu na kuambiwa mimi ni muhimu kwao, mpaka salio likakata. Kumbukeni hapa jambo ambalo nilijisifu nalo: Mfagizi anaishi kwenye seva yenyewe. Hahitaji intaneti yetu. Hahitaji mtu yeyote.

Mtu akanikumbusha kwamba misheni ya Kaengesa wana intaneti ya dishi la satelaiti. Jumapili asubuhi nikapanda bodaboda. Mvua ilikuwa imeigeuza barabara kuwa uji, tukaanguka, tukainuka, na nilifika misa imeanza. Chumba chenye kompyuta kilikuwa kimefungwa, ufunguo uko kwa Padri, Padri yuko altareni.

Nikaingia, nikajibanza benchi la nyuma nikiwa na tope mpaka kwenye nyusi. Mahubiri yalikuwa marefu na mazuri, na sikusikia neno. Ikaja sadaka, na watu wa Kaengesa hawatoi sadaka kwa haraka: waliingia kwa kucheza, na maboga, na kuku, na magunia, kila kundi na wimbo wake. Kuku mmoja aliponyoka, akatafutwa. Nilikuwa natazama saa kama mtu anayesubiri hukumu. Hatimaye yakaja matangazo, nikajua tumekaribia mlango. Katekista akasema, "Wageni wasimame wajitambulishe."

Mgeni nilikuwa mimi. Nikasimama, nikataja jina na redio ninayotoka. Kanisa likapiga vigelegele. Mzee mmoja akauliza mbona siku hizi hatupigi ile kwaya yao. Kwa kuchanganyikiwa nikasema kweli yote.

"Ndugu zangu, kuna kitu Dar es Salaam kinaamka saa sita kufuta vipindi vyetu vyote. Naomba ufunguo wa ofisi ya Padri."

Katekista akafikiri, akasema, "Basi tumwombee mgeni wetu na hicho kitu cha Dar es Salaam." Na wakaomba, kwa utulivu, bila haraka, wakamalizia na wimbo wenye beti nyingi.

Padri alinifungulia akiwa bado na mavazi ya misa. Kompyuta ilichukua muda wake kuamka. Nilipoingia kwenye seva, Mfagizi alikuwa ameshalala. Kaacha ujumbe, ule niliomwandikia mwenyewe kwa furaha: "Kazi imekamilika. Nafasi ipo ya kutosha." Sijawahi kuona programu iliyofanya kazi vizuri namna ile. Nilikaa kwenye kiti cha Padri, nikaona aibu na huzuni, nikamfikiria Oliva pale kwenye ngazi. Padri alinipa chai.

Jumatatu nikaenda nyumbani kwa Mama Benadeta kumwambia, kabla hajasikia kwa wengine. Nilimkuta jikoni, kile chumba cha nyuma cha kuni, macho yananiwasha kwa moshi.

"Vimekwenda vyote, Mama. Na cha Oliva."

Alikoroga sufuria yake kwanza. Kisha akauliza, "Kile cha debe lenye kitambi?"

"Hicho hicho."

"Nilicheka siku ile mpaka nikaumwa mbavu." Akapanda kwenye kigoda. Juu ya jiko, kwenye uchaga uliokuwa mweusi kwa masizi, kulikuwa na mahindi ya mbegu yamefungwa kwa maganda, kama jiko lolote la kwetu, ili moshi uyakinge na fukusi. Akapapasa katikati ya mahindi hayo, akashusha kifuko cha nailoni kilichofungwa kwa uzi. Ndani mlikuwa na flashi.

"Mbegu huwa haianikwi," akasema. "Mbegu inawekwa hapa."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, na kwa nini basi alihangaika na Jumamosi zote zile. Akanijibu kwamba kwenye flashi haviingii vyote, ni vichache vya kila aina, na kwamba sikuuliza.

Msifikiri mambo yaliishia hapo. Flashi iliyokaa kwenye moshi wa kuni haifunguki kwa kuchomekwa. Kompyuta ya kwanza ilikataa, ya pili ikakataa, Mwalimu Leonsi akagonga kengele bila sababu. Nikachukua pamba na spiriti, nikasafisha zile sehemu za shaba taratibu, kama vichwa vya kinasa sauti, tabaka la masizi baada ya tabaka, chumba kizima kikinuka nyama choma. Jumanne jioni ikafunguka. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja na rungu.

Jumatano maafisa wawili walikaa, Bwana Nestori akakaa na suti yake, Oliva akakaa ukingoni mwa kiti. Nikabonyeza. Sauti ya Oliva ikasimulia kisa cha debe lenye kitambi, bila jina la mtu, bila jina la soko. Maafisa wakatazamana. Nestori akasema kila mtu anajua alikuwa anamsema yeye. Nikaacha kipindi kiendelee, kwa sababu Mama Benadeta alikuwa ameninong'oneza nisizime.

Wasikilizaji wakaanza kupiga simu. Wa pili kupiga alikuwa na sauti nzito yenye furaha.

"Dada Oliva, hongera sana! Huyo mwenye debe la kitambi afungwe! Hao ndio wanaotuchafulia jina sisi wafanyabiashara waaminifu!"

"Asante sana, baba. Tunaongea na nani?"

"Mimi ni Nestori wa soko la nafaka! Nipigie wimbo wa kwaya, nawasalimia wote wanaonifahamu!"

Afisa mmoja aliinamia chini ya meza akitafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Nestori alisikiliza wimbo wake wote mpaka mwisho, akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Kwaya hiyo wanaimba vizuri," na akatoka. Oliva alinikumbatia, kisha akamkumbatia Mama Benadeta, akalia tena. Bado yuko hewani, mnamsikia kila jioni.

Baada ya hapo nilimwandika Mfagizi upya, na huyu ndiye mliye naye. Hafuti kwa kuangalia kalenda peke yake. Kwanza anahakikisha nakala mpya imefika na inafunguka, ndipo anataja anachotaka kuondoa, na mtu mzima anasikiliza, anakubali. Msiondoe hatua hiyo kwa kuona inawachelewesha. Nakala zetu ziko ofisini, ziko Dar, na ya tatu mnaijua iliko. Mkienda, mwamkieni kwanza, na pelekeni kuni.

Siku ya kuniaga mlikata keki na Mwalimu Leonsi akagonga kengele. Mama Benadeta alikuja na ile flashi, akanivuta chumba cha mitambo, akanikalisha kwenye kile kiti kilichopinda.

"Kuna kimoja hukukifungua," akasema. "Kinaitwa 'ulezi'. Si ulezi, ila nilihitaji jina ambalo hamtaligusa."

Kilikuwa kipande kifupi kutoka kanda ya zamani. Kumbe siku moja kipaza sauti kiliachwa wazi wakati kanda inafutwa, na mwanzo wa kurekodi upya ukanasa kilichosemwa chumbani. Mkwaruzo, kikohozi, halafu sauti ya Mzee Wensi, karibu kabisa, kama yuko nyuma ya bega langu na lile sweta lake:

"Haya, kwaheri."

Hakusema kwaheri ya nini. Mama Benadeta alikuwa anatazama pembeni. Mimi nilikaa pale na keki mkononi, mtu mzima na mvi zangu, nikaitikia kwa sauti.